Kadi ya Baadaye

Asubuhi ya maziko ya baba yake, Benjamin alikuwa akihangaika na kifungo cha shati jeusi, nyumbani kwake Kipawa, pale binti yake Anjelina alipomwekea kadi mkononi. Hakuwa na haja ya kuitazama. Ilikuwa ileile aliyopewa jana na juzi, kona zimeanza kubabuka: picha ya Mzee Fransis amesimama mlangoni kwake Pugu, na koti lake la kahawia na kofia yake ya pama. Babu.

Anjelina akafungua kiganja, akangoja.

Alikuwa na miaka tisa na hajawahi kutamka neno. Madaktari walisema ana usonji. Ndugu walisema mengi, na mengine hayafai kurudiwa. Kabla ya kadi, alipotaka kitu alilia mpaka sauti ikakauka, akajing'ata mkono, na wazazi wake wakakimbia huku na huku kama watu wanaozima moto wasiouona. Maji? Uji? Tumbo? Joto? Ndipo Mwalimu Tusajigwe, wa shule moja ya Temeke yenye darasa la watoto wa namna hiyo, alipowafundisha kutumia picha. Kila picha ilipigwa laminesheni, ikatobolewa tundu, ikaingizwa kwenye pete ya chuma, na pete ikaning'inia kwenye mkanda wa mtoto. Akitaka maji, anachomoa kadi ya maji na kukupa. Jambo dogo, lakini siku Anjelina alipompa mama yake kadi ya kwanza, Anna alikaa chini palepale jikoni akalia, na uji ukaungua.

"Sheria ni moja," mwalimu aliwaambia. "Akikupa kadi, mjibu. Kitu kipo, mpe. Hakipo, mwambie hakipo, kwa kadi. Msiipokee mkanyamaza, na msimdanganye. Siku akiona hizi kadi hazina kazi atazitupa, na mie sina uhakika kama nitaweza kumrudisha."

Kadi iliyowatoa jasho kuliko zote ilikuwa ya Baadaye, yenye picha ya saa ya ukutani. Maji ni maji, mtoto anayaona. Baadaye ni ahadi tu. Walimfundisha mwaka mzima: kwanza angoje kidogo, apewe, kisha angoje zaidi, apewe. Hakuna hata siku moja ambayo ile saa ilimdanganya, na kwa sababu hiyo alijifunza kungoja bila kujing'ata.

Na Jumatano, Benjamin aliporudi kutoka hospitali alikomwacha baba yake amefunikwa shuka, Anjelina alimjia na kadi ya Babu, na mikono ya Benjamin ikatafuta kadi iliyo rahisi. Akampa Baadaye. Alhamisi akampa tena. Ijumaa akampa tena.

Sasa ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kila wiki alimpeleka Pugu kushinda na babu yake. Benjamin akachomoa ile saa, akamwekea kiganjani. Anjelina akaiangalia, akaridhika, akaenda kuvaa viatu.

"Umempa ipi?" Anna aliuliza mlangoni.

"Acha, mama Anje. Tutachelewa."

"Nimekuuliza umempa ipi."

"Ungempa ipi wewe?" Benjamin akamgeukia. "Nionyeshe kwenye hiyo pete kadi ya kifo iko wapi."

Anna akachukua kanga yake nyeusi, akatoka kwenda kuita bajaji.

*

Pugu turubai lilikuwa limeshafungwa na viti vya plastiki vimejaa. Kwaya ya kigango ilikuwa kando ya mlango, akina mama kwenye moshi nyuma ya nyumba, na wanaume wa Kinyamwezi, ndugu wa marehemu, wamekaa upande wa kivuli. Mkubwa wao alikuwa Baba mdogo Daniel, mdogo wake Mzee Fransis, aliyekuja na basi kutoka Tabora. Mwili ulikuwa njiani, unaletwa kutoka hospitali ili watu wauage.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mbona hasalimii?"

"Hasemi, Baba mdogo. Unajua."

"Bado tu?" mzee akasema kwa huruma, akampapasa Anjelina kichwani, na Anjelina akajiepusha. Alikuwa akitazama mlango wa nyumba, mlango uleule wa kwenye picha. Benjamin aliliona hilo. Akamkalisha karibu na mama yake, akaenda barabarani kushughulikia gari la mwili.

Hapo ndipo watani walipoingia.

Asiyejua mambo ya Wazaramo na Wanyamwezi angeona ni wehu. Hawa ni watani tangu enzi za misafara, na mtani kwenye msiba ana ruhusa asiyopewa mwingine: atamtukana marehemu, ataingia kaburini alale, atateka kitu mpaka kikombolewe. Na wafiwa watacheka huku machozi yanawatoka, maana ndiyo kazi yake, kuwapunguzia uzito. Ila sheria ni kwamba mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia amejivunjia heshima yeye na ukoo wake.

Kiongozi wao alikuwa Bi Mwanaasha, muuza mihogo wa nyumba ya pili, aliyetaniana na Mzee Fransis kila siku ya Mungu tangu mzee alipostaafu reli na kuhamia Pugu. Aliingia ndani kwa kupitia uani. Alipotoka, mlangoni alisimama Mzee Fransis.

Koti la kahawia. Kofia ya pama imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Bega la kulia limelala kidogo, kama lilivyolala la mzee. Akakohoa kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya kugomba, na turubai zima likapasuka kwa kicheko.

"Nani kanifungia maturubai bila ruhusa?" Mwanaasha akanguruma. "Mie nimekwenda zangu kuchimba dawa, narudi nakuta mmeshapika pilau! Na huyu Daniel, nani kampa kiti changu? Mvivu huyu, tangu Tabora anakula ugali wangu!"

"Wewe Mzaramo, vua koti la marehemu!" Baba mdogo akajibu, anacheka huku anajifuta macho. "Utalijaza harufu ya mihogo!"

"Marehemu baba yako!"

"Ndugu yangu ndiye marehemu!"

"Basi nimeghairi. Wanyamwezi hamna hela ya sanduku!"

Benjamin naye alicheka. Alikuwa nje kwenye barabara, akasikia kile kikohozi, akajikuta anacheka. Akageuka kutazama. Akamwona Anjelina.

Mtoto alikuwa ameinuka. Anapita katikati ya viti bila kumtazama mtu, mkono mmoja umeziba sikio kwa sababu ya kelele, mwingine umenyooshwa mbele na kadi. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyengoja basi kwa muda mrefu, na sasa analiona linakuja. Saa ilikuwa imesema baadaye, na baadaye imefika.

"Mwanaasha!" Benjamin akaita, lakini kwaya ilikuwa imeanza.

Anjelina akamfikia yule mtu mwenye koti, akamwekea kadi mkononi, akainamisha kichwa, akafumba macho. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi. Mzee Fransis, aliyeanza kwa kuzidharau zile kadi na kuziita karata, alikuwa akipokea picha yake, anaweka viganja viwili juu ya kichwa cha mjukuu, na kukandamiza kwa nguvu kama mtu anayefungasha nguo kwenye sanduku lililojaa. Anjelina alipenda kukandamizwa. Mzee alimwita mchumba, na hakuwahi kumngojesha.

Mwanaasha hakuyajua hayo. Aliona mtoto kaleta picha, na mtani akipewa kitu anakiteka.

"He! Mchumba wangu huyu, kaja kuniaga!" Akaipachika kadi kwenye utepe wa kofia. Akaona pete kiunoni, akaichomoa yote, akaiinua juu ikalia kama funguo. "Na hizi karata zenu nimeteka! Mnazitaka, leteni jogoo! Au huyu mchumba aniite mwenyewe kwa mdomo wake: babu, shikamoo!"

Watu wakacheka. Wengi hawakujua. Wengine walijua, wakacheka pia.

Anjelina akafumbua macho. Akavuta koti, akanusa. Harufu ilikuwa yenyewe, tumbaku na sabuni ya mche. Akanyoosha mkono, akavuta kofia. Chini ya kofia kulikuwa na nywele za mwanamke, zimesukwa mistari.

Alitazama zile nywele kwa muda. Kisha akatazama kadi kwenye kofia, akatazama mlango, akatazama tena nywele. Ukelele aliopiga ulinyamazisha kwaya katikati ya ubeti. Akajipiga kichwa kwa ngumi, upande huu na upande ule, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Benjamin alifika akihema.

"Nipe kadi."

"Jogoo kwanza, Mnyamwezi," Mwanaasha akasema, bado yumo kwenye utani, ingawa sauti ilikuwa imepungua.

"Nimesema nipe hizo kadi!" Akamkamata mkono, akavuta. Mshono wa bega la koti ukaachia, ukalia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Baba mdogo Daniel akasimama.

"Benjamin! Unamkunjia ngumi mtani? Kwenye msiba wa baba yako?"

Mwanaasha ndiye aliyemsitiri. "Mwacheni, njaa ya Tabora inamsumbua," akasema, na watu wawili watatu wakajilazimisha kucheka. Lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto, na yalikuwa yamebadilika.

*

Nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, Anna alimshika Anjelina kifuani akimkandamiza mpaka mayowe yakawa kwikwi. Benjamin akaining'iniza tena pete aliyoipokonya kwa Mwanaasha kwenye mkanda wa mtoto. Anjelina akaufungua, akauacha ukaanguka mchangani. Akamfunga tena. Ukaanguka tena. Akamwekea kadi ya maji mkononi, vidole havikuishika. Ilidondoka kama jani.

"Miaka mitatu ya kumfundisha," Anna akasema kwa sauti ya chini. "Miaka mitatu, Benjamin."

"Yule mwanamke ndiye..."

"Usimsingizie mwenzio. Yeye amevaa koti saa hizi. Wewe umempa mtoto saa tangu Jumatano."

Mwanaasha akatokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa ameshalivua koti, amelikunja mkononi na kofia juu yake. Akaketi mchangani, mbali kidogo, kama mtu anayekaribia kuku anayeatamia.

"Mie sikujua," akasema. "Nilijua anacheza."

"Hachezi, bibi," Anna akamwambia. "Ndiyo mdomo wake huo."

"Yarabi. Basi nimemziba mtoto mdomo." Akachomoa kadi kwenye utepe wa kofia, akaifuta kwa upindo wa kanga, akamrudishia Benjamin. "Mtani haombi radhi. Lakini huyu hana utani na mie, kwa hiyo yeye namwomba. Sasa niambie. Mmeshamwambia?"

"Tumwambie nini?"

"Kwamba mwenye koti hayupo."

Benjamin akaitazama ile picha. Nje, mtu alipiga kelele kwamba gari limefika, na akina mama wakaanza kulia kwa pamoja.

"Hatuna kadi yake," akasema.

"Uji ukiisha mnamwambiaje?"

Anna na Benjamin wakatazamana. Kadi hiyo ilikuwepo: bakuli tupu, kwa ajili ya uji, kuoga, bembea za shuleni. Jina lake Imeisha. Hawakuwahi kufikiri kuitumia kwa mtu. Au Benjamin alifikiri usiku wa Jumatano, akaiogopa.

*

Jeneza liliwekwa sebuleni juu ya meza, na mstari wa kuaga ukaanza. Jesca, dada yake Benjamin, alisimama mlangoni akiwapanga watu.

"Huyo humwingizi," akasema alipomwona kaka yake na mtoto. "Watoto hawaangalii maiti. Na huyu tena, baada ya yale?"

"Huyu anaingia."

"Kaka, watu wanatuangalia tangu asubuhi. Umeshamshika mtani. Unataka nini kingine?"

"Nataka asingoje," Benjamin akasema, na akapita.

Mzee Fransis alikuwa amevalishwa suti ya kijivu, bila kofia. Benjamin alihofu kwamba mtoto hatamtambua. Lakini Anjelina alisogea mpaka kwenye ubao wa jeneza, akaugusa mkono wa mzee kwenye kidole kile kilichopinda, akatulia. Kisha akaipokonya kadi ya Babu mkononi mwa baba yake, akaiweka juu ya mikono iliyofumbatwa, akafungua kiganja.

Akangoja.

Mstari ukasimama. Kwaya ikamaliza wimbo, ikauanza upya. Nyuma mtu akauliza kuna nini, akaambiwa ni yule mtoto. Anjelina akainamisha kichwa, akakiweka chini ya mkono wa babu yake, karibu kabisa. Mkono haukuja. Akaushika mwenyewe, akajaribu kuuinua auweke juu ya nywele zake. Ulikuwa mzito, wa baridi, na haukukunjika. Akauachia.

"Mtoe," Jesca akanong'ona, sasa analia. "Kaka, mtoe, nakuomba."

Benjamin akapiga magoti. Akatafuta kwenye pete mpaka akalipata lile bakuli tupu. Akamwekea binti yake kiganjani.

Anjelina akalitazama. Akalitupa chini. Akachukua kadi ya Babu kifuani kwa mzee, akampa baba yake, kwa nguvu, mpaka kona ikamchoma.

Benjamin akaokota bakuli, akampa. "Imeisha, mwanangu. Babu ameisha."

Anjelina akalitupa. Akampa Babu.

Benjamin akampa bakuli.

Ikaendelea hivyo, na watu wakaona aibu kutazama, wakawa wanatazama sakafu. Benjamin alijua angeweza kuikatiza wakati wowote. Saa ilikuwa palepale kwenye pete, imekaa juu. Angempa hiyo, mtoto angetulia, angetoka naye kimya, na mstari ungeendelea. Akaifunika kwa kidole gumba na kuokota bakuli tena.

Mwisho Anjelina hakulitupa. Alilifinya mkononi mpaka plastiki ikajikunja, na akaanza kulia. Hakupiga mayowe, hakujipiga. Alilia kwa kutoa sauti ndogo iliyokatikakatika, na Benjamin, ambaye alikuwa hajalia tangu Jumatano, akashindwa kuinuka. Baba mdogo Daniel ndiye aliyekuja akawashika mabega, akawapitisha pembeni.

*

Makaburini, Benjamin alijifunga pete ya kadi kwenye mkanda wake mwenyewe, juu ya suruali ya msiba, kwa kuwa Anjelina alikuwa bado anaikataa. Tangu sebuleni hakuwa amegusa kadi yoyote. Alipotembea alishika shati la baba yake, macho chini, na Benjamin alimjua: alikuwa amerudi kule alikokuwa kabla ya Mwalimu Tusajigwe, mahali ambapo hakuna anayeuliza kwa sababu hakuna anayejibu. Kama safari hii angekaa huko, angekuwa amepelekwa na baba yake mwenyewe. Wazo hilo lilimkalia kifuani kuliko kifo chenyewe, naye alilionea haya.

Jua la saa tisa lilikuwa kali. Jeneza likashushwa kwa kamba. Padri akasoma, akanyunyiza maji ya baraka, kisha akageuka.

"Mtoto wa kwanza," akasema.

Kwao mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo kabla ya mwingine yeyote, na mpaka atupe, majembe hayaguswi. Benjamin akainama, akajaza kiganja. Udongo wa Pugu ulikuwa mwekundu, wa moto. Akasogea ukingoni.

Kiunoni kitu kikavutwa.

Hakutaka kutazama, kwa kuogopa kwamba anajidanganya. Pete ikalia. Kadi zikageuzwa moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayetafuta ukurasa. Moja ikachomolewa. Anjelina akausogelea mkono wake, akaukuta umejaa udongo, akaisimamisha kadi juu ya ule udongo.

Glasi ya buluu. Maji.

Akafungua kiganja. Macho yake hayakuwa na ombi lolote. Yalikuwa ya mtu anayejaribu mlango ambao uliwahi kufungwa usoni pake, na hatajaribu mara nyingi.

"Benjamin," Baba mdogo akasema. "Tupa udongo, mwanangu."

Maji yalikuwa kwenye katoni za kwaya, ndani ya gari, kule barabarani. Anna alikuwa mbali, upande wa akina mama. Kwenye pete, ile saa iliangalia juu.

Benjamin akafungua mkono. Udongo ukamwagika kando ya viatu vyake, si kaburini. Akafuta kadi kwenye suruali, akaiinua mbele ya macho ya Anjelina ili ajue ameipokea, akamshika mkono.

"Kaka!" Jesca akamwita. "Unakwenda wapi? Kaka, watu wanakungoja!"

"Mnyamwezi!" akaongeza mwingine kati ya watani, lakini sauti ya Mwanaasha ikamkatiza, kavu: "Mwache."

Walipita katikati ya watu, na watu wakasogea. Baadhi walimtazama kwa namna ambayo alijua ataiona tena, kwenye vikao na kwenye arusi, kwa miaka mingi: yule aliyemshika mtani, akamwacha baba yake shimoni. Alitembea haraka kadiri miguu ya mtoto ilivyoweza.

Kwenye gari akapasua nailoni ya katoni kwa meno, akatoa chupa, akaifungua. Anjelina akaipokea kwa mikono miwili, akanywa, maji yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye gauni.

Nyuma yao mtu alitupa udongo badala yake, ukagonga jeneza, na majembe yakaanza. Benjamin alisimama na kifuniko cha chupa mkononi, akingoja amalize kunywa.